Pumba za mpunga hazinasi risasi? Tafuta kosa hapa kabla hujazimwaga

Ukipita Kahama, Mbarali au Ifakara msimu wa mavuno, nyuma ya kila mashine ya kukoboa utakuta kilima cha pumba. Katika kila kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 ni zile pumba ngumu ambazo hata kuku anazipita tu. Wachoma matofali huchukua kiasi, zinazobaki hutiwa moto palepale. Basi kila mwaka anatokea mwanafunzi, au fundi wa betri aliyesikia habari hizi mahali, anajaza ndoo pumba, anapitisha maji yenye risasi (ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, si ya bunduki), halafu anakuja maabara na chupa mbili mkononi na uso umemshuka: "Kaka, hizi pumba ni pumba kweli."

Nimepima chupa nyingi za namna hiyo. Mara nyingi pumba hazina kosa. Kosa liko kwenye maji, ambayo mwenyewe hakuyafahamu kabla ya kuanza. Ndiyo maana nimeandika kwa kufuata dalili; nenda kwenye ile inayofanana na yako. Mfano wangu ni pumba za mpunga na risasi, lakini magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, maganda ya kahawa na makumbi ya nazi yana tabia zinazokaribiana. Maganda ya korosho yaache. Mafuta yake yanababua ngozi, na yakiingia kwenye maji utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Tuelewane mapema: hii ni njia ya kupunguza sumu kwenye maji machafu ya karakana kabla hayajatoka nje ya uzio. Si chujio la maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na huko mbele utaona hesabu inayoonyesha kwa nini ndoo moja ya pumba haifiki huko.

Risasi haikushuka hata kidogo

Pima pH ya maji yako, yaani kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri inavyoshuka chini yake ndivyo asidi inavyokuwa kali. Usisome mbele kabla hujapima.

Pumba, kama mmea mwingine wowote, ni selulosi na lignini, na juu ya nyuzi hizo kuna sehemu ndogo ndogo zenye chaji hasi. Risasi iliyoyeyuka ina chaji chanya, kwa hiyo inavutwa na kukaa hapo. Sasa maji yakiwa na asidi kali, yamejaa ayoni za haidrojeni, nazo zina chaji chanya vilevile na ni nyingi kuliko risasi mara maelfu. Ni daladala ya saa kumi na moja jioni: risasi inafika kituoni, viti vyote vimeshakaliwa. Chini ya pH 3 hutanasa kitu cha maana. Risasi, shaba, kadimiamu, zinki na nikeli hunaswa vizuri kwenye pH 5 hadi 6.

Fundi mmoja alileta maji aliyooshea makasha ya betri chakavu. Alikuwa ameyapitisha kwenye pumba mara tatu, kwa uvumilivu mkubwa. Nilipochovya karatasi ya kupimia, ilisoma pH 1. Hayo yalikuwa asidi ya betri iliyozimuliwa kidogo tu. Tulichofanya ni hiki: chokaa iliyozimwa tuliikoroga na maji kwenye ndoo nyingine mpaka ikawa kama uji mwepesi, tukaiongeza kikombe kimoja kimoja huku tukikoroga na kupima, tukasimama pH ilipofika 5.5. Ndoo ikawa nyeupe kama tui. Ile ni jasi, kalsiamu ya chokaa imekutana na salfeti ya asidi. Tukaacha yatuame usiku kucha, asubuhi tukavuta maji ya juu kwa mpira, na hayo ndiyo yaliyoingia kwenye pumba. Lile tope jeupe usilimwage mtaroni, sehemu kubwa ya risasi imelala humo. Vaa glovu na miwani, na usimimine chokaa yote kwa mkupuo. Mchanganyiko unapata moto.

Hapo kuna somo ambalo wanafunzi hawalipendi: maji yakiwa na risasi nyingi, tuseme mamia ya miligramu kwa lita, kazi kubwa ni ya chokaa. Pumba ni za kumalizia. Anayekwambia zitafanya zote peke yake hajawahi kubeba gunia.

Kama pH iko sawa na bado hakuna kilichonaswa, angalia pumba zenyewe. Pumba mbichi ya mpunga ina ngozi ya nje ngumu, imejaa silika, inang'aa ukiishika juani. Maji yanateleza juu yake. Iloweke saa kadhaa kwenye maji yenye gramu 20 hivi za kostiki soda kwa lita. Sehemu ya silika inayeyuka, nyuzi zinafunguka. Kisha suuza, suuza tena, mpaka maji ya kusuuzia yasome pH karibu na 7. Wengi huchoka kwenye suuzo la tatu, na hao ndio wanaokutana na dalili inayofuata.

Imeshuka asilimia 99 siku ya kwanza

Usifurahi bado. Matokeo mazuri kupita kiasi ndiyo yanayonifanya niombe daftari.

Sababu ya kwanza ni kostiki iliyobaki kwenye pumba, au majivu. Kuna watu wanachoma pumba mpaka zinakuwa kijivu halafu wanaandika "mkaa wa pumba". Kijivu ni majivu. Mkaa ni mweusi. Majivu na kostiki vyote vinapandisha pH, na pH ikishapita 7 risasi inaanza kuganda yenyewe kuwa tope laini linalobaki kwenye karatasi ya kuchujia. Risasi imetoka kwenye maji, ni kweli, ila hakuna kilichonaswa. Maji yenye asidi yakifika siku nyingine, tope lile linayeyuka lote. Dawa yake ni ndogo mno: pima pH baada ya jaribio, si kabla tu. Ukiona ilianza 5.5 ikaishia 8.7, jibu umelipata. Na ukizidisha chokaa au kostiki mpaka pH ipite 11, risasi hurudi tena kuyeyuka, maana ni metali inayoyeyuka pande zote mbili.

Sababu ya pili ni chupa. Risasi hujishika kwenye kuta za chupa, hasa maji yakiwa hayana asidi na yakikaa siku mbili tatu yakisubiri zamu ya mashine. Karatasi ya kuchujia nayo hula kiasi chake. Ndiyo maana sampuli hutiwa matone ya asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, risasi ibaki kwenye maji. Lakini angalia mpangilio: chuja kwanza, tia asidi baadaye. Ukitia asidi wakati vipande vya pumba bado vinaelea, asidi itang'oa risasi iliyonaswa na usomaji utapanda. Nimeona mradi mzima wa mwaka wa mwisho ukisoma "pumba hazifanyi kazi" kwa sababu ya mpangilio huo tu.

Tiba ya hila za chupa na karatasi ni chupa ya shahidi: maji yaleyale, chupa ileile, mtikiso uleule, karatasi ileile, ila bila pumba. Binti mmoja alishangaa kukuta karibu nusu ya risasi imepotea kwenye chupa isiyo na pumba hata punje. Nusu ile alikuwa ameshaihesabu kwenye sifa za pumba.

Inashuka vizuri, halafu inagoma mahali fulani

Hapa ndipo hesabu inapohitajika, na ndipo watu wengi wanapodanganywa na namba moja.

Ukisoma machapisho utakuta "uwezo wa pumba: miligramu 20 kwa gramu". Unapiga hesabu: nina lita 20 zenye miligramu 5 kwa lita, jumla miligramu 100, kwa hiyo gramu 5 za pumba zinatosha. Unaweka 10 kwa usalama. Risasi inashuka kidogo, inasimama.

Ile namba 20 ni ya pumba zilizolowekwa kwenye maji yenye risasi nyingi mno, mpaka kila nafasi ikajaa. Risasi inapopungua kwenye maji, pumba nazo zinashika kidogo zaidi kwa kila gramu. Kuna mlinganyo wa Langmuir unaoeleza hili. Tuseme pumba zako zina uwezo wa juu wa miligramu 20 kwa gramu na kigezo cha mshiko, yaani jinsi zinavyong'ang'ania risasi, cha 0.1 (lita kwa miligramu). Maji yakibaki na miligramu 1 kwa lita, kila gramu inashika kama miligramu 1.8. Yakibaki na 0.01, kila gramu inashika miligramu 0.02 tu. Kwa hiyo kushusha kutoka 5 hadi 0.01 kwa mkupuo mmoja unahitaji kama gramu 250 za pumba kwa kila lita. Huo si usafishaji wa maji, ni kupika pilau.

Sasa gawanya. Tumia gramu 10 kwa lita, koroga saa moja au mbili, chuja. Kwa pumba hizohizo za mfano, 5 itashuka hadi kama 0.24. Yatoe maji hayo, yaweke kwenye gramu 10 nyingine mpya: kama 0.012. Mara ya tatu unapita chini ya 0.01. Jumla gramu 30 badala ya 250. Karatasini hesabu inakubali. Ndooni haikubali sana, kwa sababu pumba zenyewe hutoa vitu kwenye maji vinavyoshikilia risasi kidogo isinaswe, na ndiyo maana bado sikuruhusu kuyanywa. Lakini kwa maji ya karakana, awamu mbili za pumba chache zinaishinda awamu moja ya pumba nyingi kila siku.

Saa za kukoroga usizizidishe bila sababu. Sehemu kubwa ya kazi inaisha ndani ya dakika 30 hadi 60 za mwanzo.

Maji yametoka rangi ya chai

Tanini na sukari za mmea. Makumbi ya nazi ndiyo bingwa wa hili, pumba za mpunga zina nafuu. Tatizo si macho tu: rangi ile inashika metali na kuisindikiza nje ya chujio ikiwa imeyeyuka. Osha kwa maji ya moto, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Makumbi yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku. Kama bado, yageuze mkaa: kopo lenye mfuniko na tundu dogo, ndani ya moto wa nje, moshi ukikoma kutoka tunduni toa kopo na uache lipoe likiwa limefungwa. Ukilifungua lingali la moto, hewa itaingia na utabaki na majivu.

Bomba limeziba, au maji yanapita kama hakuna kitu ndani

Hii ni kwa anayepitisha maji kwenye bomba lililojazwa pumba badala ya kukoroga kwenye ndoo. Mara nyingi ni kosa moja lenye sura mbili. Pumba zilizosagwa unga zinaziba. Pumba nzima zilizomiminwa kavu zinaelea, zinafungia mapovu ya hewa, na maji yanajitafutia njia ya mkato ukutani mwa bomba. Utamwona mtu anasifia kasi ya chujio lake kumbe maji hayajagusana na pumba.

Chekecha upate punje za saizi ya chenga za mchele, vumbi liondoe kwa kuosha. Loweka usiku mzima. Weka changarawe na wavu chini, kisha mimina pumba zikiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukigongagonga bomba. Wavu mwingine juu. Ingiza maji kwa chini yapande juu. Hewa itatoka yenyewe na hakutakuwa na njia ya mkato. Koki iwe upande wa kuingilia, na uibane mpaka maji yakae ndani walau nusu saa. Kujua kama yanakaa, ingiza kikombe cha maji ya chumvi au rangi ya chakula, hesabu dakika mpaka itokee upande wa pili. Ikitokea baada ya dakika tatu, fungua upange upya.

Wiki ya kwanza safi, wiki ya pili yanayotoka ni machafu kuliko yanayoingia

Watu hudhani mashine imeharibika. Inawezekana kabisa iko sawa. Maji ya karakana mara chache huwa na metali moja. Tuseme yana risasi na zinki. Mwanzoni zote zinapata nafasi. Nafasi zikijaa, risasi, ambayo mshiko wake kwenye pumba ni mkubwa zaidi, inaisukuma zinki nje. Zinki iliyokusanywa wiki nzima inatoka ndani ya siku moja au mbili, juu ya ile inayoingia. Kadimiamu nayo hufanyiwa hivyohivyo.

Sababu nyingine ni asidi. Fundi akimwaga asidi ya betri kwenye pipa Ijumaa jioni bila chokaa, kila kilichonaswa kinaachiwa kwa pamoja. Kemia hiyohiyo hutumika kwa makusudi kusafisha pumba zilizojaa, kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Mimi binafsi sishauri. Pumba ni za bure, na ukishaziosha unabaki na ndoo ya asidi yenye risasi yote ya mwezi ndani yake. Utaipeleka wapi?

Kinga ni mabomba mawili yanayofuatana. Pima maji yanayotoka kwenye la kwanza. Yakianza kupanda, toa pumba zake, lile la pili liwe la kwanza, na pumba mpya ziingie nyuma.

Maabara ilikubali, karakanani imekataa

Ulitumia maji gani maabara? Kama ni maji yaliyotoneshwa uliyotia chumvi ya risasi mwenyewe, ulipima kitu kingine. Maji ya kisima yana kalsiamu na magnesiamu, nazo zinagombea nafasi zilezile. Visima vya pwani, Dar au Tanga au Mombasa, vina kloridi nyingi, na kloridi hujifunga na kadimiamu mpaka mvuto wake kwa pumba unapungua sana. Sabuni za unga zina vitu vilivyotengenezwa makusudi kushikilia metali ziendelee kuyeyuka. Rudia jaribio na ndoo ya maji yenyewe kutoka karakanani, kabla hujanunua hata bomba.

Kromiamu: rangi ya njano imeisha, mashine inasema bado ipo

Mashine haijakosea. Kromiamu ya mafundi wa kupaka metali ni ile ya aina ya sita, njano au rangi ya chungwa, na ina chaji hasi, kwa hiyo kanuni zote za juu zinapinduka: inapenda pH karibu na 2. Kwenye asidi hiyo lignini inaipa elektroni na kuigeuza kuwa kromiamu ya aina ya tatu. Njano inapotea, metali inabaki, ila sasa sumu yake ni ndogo sana. Pima kromiamu yote, si rangi. Kisha pandisha pH kwa chokaa hadi kama 8, itazama chini kama tope la kijani. Wenye viwanda vya ngozi hutumia hiyo ya aina ya tatu tangu mwanzo. Wao waanzie kwenye chokaa moja kwa moja.

Aseniki, zebaki, floraidi

Hapa nitakukatisha tamaa haraka. Visima vya Kanda ya Ziwa, karibu na miamba yenye dhahabu Geita na Mara, vimewahi kukutwa na aseniki; pumba tupu haziigusi, inahitaji vitu vyenye kutu ya chuma. Zebaki ya wachimbaji wadogo ikiwa bado tone linalong'aa hainaswi na mmea wowote, itapita katikati ya pumba au itajificha humo ikusubiri. Floraidi ya Arusha si metali kabisa. Kwa floraidi kuna mkaa wa mifupa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi.

Pumba zinanuka

Zimeoza. Zimekaa na maji bila kutembea. Harufu ya yai viza maana yake oksijeni imeisha ndani. Toa zote, usiweke dawa ya klorini juu yake.

Pumba zimejaa. Zinakwenda wapi?

Risasi haikuteketea. Ilikuwa kwenye lita 1,000, sasa iko kwenye gunia moja. Usiichome, kwa sababu risasi na kadimiamu zinapanda na moshi na vumbi. Usiimwage shambani kama mbolea. Usimpe mchoma matofali hata akikuomba vizuri. Kausha kivulini juu ya turubai, weka kwenye pipa lenye mfuniko pamoja na lile tope la chokaa, andika tarehe na metali iliyomo, na uwasiliane na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakuelekeze kwa mwenye kibali cha kuchukua taka hatarishi. Kuchanganya na saruji kunapunguza uvujaji, lakini tofali hilo nalo lina mwenyewe na kumbukumbu zake. Halijengi choo cha jirani.

Pipa letu liko nyuma ya maabara, chini ya bati. Mwanzoni tuliandika "TAKA HATARISHI" na hakuna aliyejali. Mama mmoja anayefuga kuku wa nyama alikuja mara mbili na viroba vyake kuomba pumba za kutandika bandani; aliziona zimekauka vizuri, zimechekechwa, zinamwozea nani? Siku hiyohiyo tulifuta maandishi, tukapaka rangi nyekundu upya: "RISASI. SI PUMBA ZA KUKU." Na kufuli.